Kilele cha 279: dagaa, zebaki na kinu cha Kwabenya

Dagaa niliowanunua Mwaloni Kirumba, Mwanza, waliishia ndani ya kisima cha maji huko Kwabenya, kaskazini mwa jiji la Accra, wakiwa wamesagwa kuwa unga na kufungiwa katika mirija ya kioo cha kwatzi isiyozidi urefu wa kidole cha shahada. Chini ya kisima hicho kipo kinu cha utafiti wa nyuklia kiitwacho GHARR-1. Nilikaa hapo miezi minne nikijifunza namna ya kutumia nyutroni za kinu hicho kupima kilichomo ndani ya chakula, hata kikiwa sehemu moja tu katika milioni kumi. Naandika haya kwa sababu nilibakiza hatua chache tu nitoe takwimu isiyo ya kweli kuhusu chakula ambacho watu wa Kanda ya Ziwa hukila karibu kila wiki, na ningependa wenzangu wanaofanya kazi hii, pamoja na wanaosoma matokeo yetu magazetini, waone kosa la namna hiyo hujificha wapi.

Swali lenyewe lilianzia nyumbani. Geita na sehemu nyingine zinazozunguka Ziwa Victoria, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki: mwamba husagwa, huoshwa, kisha zebaki humwagwa ili ishikamane na chembe za dhahabu, na ule mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa moto mpaka zebaki yote iruke kwa moshi. Sehemu ya zebaki hiyo huingia mapafuni mwa anayechoma, na sehemu nyingine hutua ardhini na kusombwa na mvua. Dunia ilikwisha kujifunza kwa uchungu, pale Minamata nchini Japani, kwamba zebaki iliyoingia majini humrudia mwanadamu kupitia samaki, na mkataba wa mwaka 2013 wa kuidhibiti uliitwa kwa jina la mji huo. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akiniuliza kama dagaa ni salama, haulizi jambo la kipuuzi, na mimi kama mkemia niliyekulia mji huohuo sina haki ya kumjibu kwa kukisia.

Njia niliyokwenda kujifunza huanza na sifa moja ya nyutroni, nayo ni kutokuwa na chaji. Protoni ikikaribia kiini cha atomu husukumwa kando, kwa kuwa viwili hivyo vina chaji ya aina moja. Nyutroni haisukumwi na chochote. Hupita katikati ya elektroni kana kwamba hazipo, na ikiwa inakwenda polepole, kiini huweza kuimeza. James Chadwick aliitambulisha nyutroni mwaka 1932, na miaka miwili tu baadaye Enrico Fermi na wenzake mjini Roma waligundua kwamba ikipitishwa kwanza katika nta au maji hupungua mwendo na kumezwa kwa wepesi zaidi. Mwaka 1936, huko Copenhagen, George de Hevesy na Hilde Levi wakatambua kwamba kiini kilichomeza nyutroni huweza kutumika kama kitambulisho. Kiini hicho huwa kimezidiwa, na katika kutulia hutoa miale ya gama yenye nishati ambayo ni ya kwake, tena hufifia kwa kasi ambayo nayo ni ya kwake. Ukipima nishati hiyo na kasi hiyo, unajua ni elementi gani. Ukihesabu idadi ya miale, unajua ni kiasi gani. Sampuli haiyeyushwi kwa asidi, wala haihitaji kuguswa tena baada ya kufungwa.

Nyutroni za kutosha, hata hivyo, zinahitaji kinu, na Tanzania haina kinu cha aina hiyo, wala Kenya. Cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji, na mrithi wake wa mwaka 1972 amezimwa tangu 2004. Ghana ilitaka chake mapema: Kwame Nkrumah aliweka jiwe la msingi Kwabenya mwaka 1964 kwa msaada wa Wasovieti, lakini Februari 1966 akapinduliwa na ujenzi ukasimama. Ilichukua karibu miaka thelathini mpaka kinu kidogo kutoka China kiwashwe Desemba 1994. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri, jina halikuondoka. Njiapanda ya kwenda huko iliitwa na bado inaitwa Atomic Junction, na makonda wa trotro, ambazo ndizo daladala za kwao, huitangaza kama wa kwetu wanavyotangaza Ubungo au Buguruni.

Watu hunisimulia mwanga wa buluu waliouona kwenye picha za vinu na kuniuliza kama niliuona. Sikuuona, kwa sababu kiini cha kinu cha Kwabenya, yaani sehemu yenye urani na si kiini cha atomu, kimefungiwa ndani ya chombo kilichotumbukizwa katika kisima, na juu unaona maji, mabomba na kifuniko tu. Kiini chenyewe kina kipenyo cha sentimita 23 na kimo cha sentimita 23, yaani hakizidi ndoo ya lita kumi, na kimezungukwa na ukuta wa beriliamu unaorudisha nyutroni ndani zisitoroke. Nguvu yake ni takriban kilowati 30, sawa na mabirika ya umeme kumi na matano yakichemka kwa pamoja. Fimbo moja tu ya kadmiamu, katikati, ndiyo inayokitawala, na maji yakipata joto kupita kiasi mwitikio wenyewe hupoa. Zamani kilitumia urani iliyorutubishwa kwa zaidi ya asilimia 90, kiwango kinachofaa kwa silaha. Mwaka 2017 kiini hicho kilirudishwa China na kuwekwa kingine cha asilimia 13, bila kazi ya utafiti kudhoofika. Nalitaja hili kwa kuwa naliheshimu. Nchi ya Kiafrika iliweza kuondoa nyenzo ya hatari katika ardhi yake na bado ikabaki na maabara yake.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hata ya kukaribia kinu. Niliwakausha dagaa upya katika tanuri la joto dogo, kwa sababu joto kubwa hurusha zebaki, kisha nikawasaga kwa kinu cha kauri, si cha chuma, maana chuma huacha chembe zake katika unga na nyutroni huziona zote. Nilisaga kichwa, miiba na matumbo pamoja, kwa kuwa ndivyo tunavyowala. Nilipima miligramu 300 kwenye mizani ambayo pumzi ya mtu huitikisa, nikamimina unga ule ndani ya mrija kwa faneli ya karatasi, nikaufunga mdomo wa mrija kwa mwali wa moto huku sehemu ya chini imezungushiwa kitambaa chenye maji baridi. Mirija ya plastiki ingekuwa rahisi na ndiyo inayotumika kwa elementi nyingi, lakini zebaki ikipata joto hupenya kuta za plastiki, na unaweza kurudi na sampuli iliyopoteza kile hasa ulichokwenda kukitafuta. Niliharibu mirija tisa kabla mikono haijazoea. Pembeni ya kila kundi la dagaa niliweka mrija wenye unga wa samaki wa rejea, ambaye kiasi chake cha zebaki kinajulikana, ili apate nyutroni zilezile na kuwa kipimo cha kulinganishia.

Mirija hupakiwa ndani ya kapsuli ambayo watu wa fani hii duniani kote huiita sungura. Sungura huwekwa kwenye bomba, hewa iliyoshindiliwa humsukuma, unasikia mkwaruzo mfupi ukipita ukutani, na baada ya sekunde chache taa inakuonyesha kwamba amefika kando ya kiini. Kinu kile hakiendeshwi mchana kutwa, kwa kuwa kiini kidogo namna hiyo huchoka na huhitaji kupumzika, hivyo saa sita za sampuli zangu ziligawanywa katika siku mbili.

Pamoja na mirija tuliweka vipande vya waya mwembamba wa alumini wenye dhahabu kidogo sana ndani yake, kwa ajili ya kupima wingi wa nyutroni mahali pale. Dhahabu ya kawaida, yenye uzito wa 197, humeza nyutroni moja ikawa 198, na hiyo 198 haidumu: kila siku 2.7 nusu yake hutoa mionzi na kugeuka zebaki. Nililijua jambo hilo vitabuni tangu chuo, lakini siku nilipokiona kilele cha dhahabu, yaani mwinuko wa grafu pale miale ya nishati yake inapohesabiwa, kwenye kioo cha kompyuta na kukiona kikishuka kesho yake na keshokutwa, niliwakumbuka wachimbaji wa Geita wanaomwaga zebaki ili wapate dhahabu, nami nikiwa mbele ya waya ambamo dhahabu ilikuwa inageuka zebaki atomu kwa atomu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Baada ya sungura kurudi huanza kungoja, na hapo ndipo wageni wengi wa njia hii, mimi nikiwamo, hukosa subira. Dagaa wana sodiamu nyingi, na sodiamu iliyomeza nyutroni hung'aa kwa miale mikali inayofunika kila kitu kingine, mfano wa ngoma kubwa inayopigwa kando ya mtu anayenong'ona. Nusu ya sodiamu hiyo hutoweka kila baada ya saa 15, hivyo baada ya siku kumi imebaki chini ya sehemu moja katika elfu sitini. Kisha kuna fosforasi ya miiba, ambayo haina mwale wake wa gama lakini elektroni zake zikigonga vitu vinavyozizunguka huzalisha ukungu wa miale dhaifu, na hiyo nusu yake hutoweka kwa siku 14 nzima. Zebaki niliyokuwa naitafuta, ile ya uzito wa 203, ina nusu-maisha ya siku 46.6, kwa hiyo ina muda wa kungoja wengine wanyamaze. Nilingoja majuma matatu, kisha nikaiweka mirija mbele ya kigunduzi cha gemaniamu, ambacho hupozwa kwa naitrojeni kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kuzungushiwa matofali ya risasi, na kila mrija ukahesabiwa usiku kucha.

Asubuhi kilele kilikuwapo, mahali hasa pa zebaki, kwenye kiloelektronivolti 279 (kiloelektronivolti ni kipimo cha nishati ya mwale). Hakikuwa kirefu, lakini kilisimama wazi juu ya usuli, yaani miale iliyotapakaa isiyo ya kilele chochote, na mrija uliofuata ulikuwa nacho, na uliofuata pia. Niligawanya, nikazidisha, nikalinganisha na samaki wa rejea, nikapata kiasi, nikaanza kuandika aya ya matokeo. Programu ya kuchambulia ilikuwa na orodha ya viini niliyoijaza mwenyewe, na mbele ya 279 niliandika jina moja tu.

Mtaalamu aliyekuwa akinisimamia alikuja, akasoma bila kuketi, kisha akagusa kioo kwa ncha ya kalamu, si kwenye 279 bali kushoto kidogo, kwenye kilele kilichosimama juu ya 265, akaniuliza, "Na jirani yake huyu ni nani?"

Jirani yule alikuwa seleniamu ya uzito wa 75. Seleniamu hiyo hutoa mwale wa 264.7, lakini haitoi huo peke yake. Kwa kila miale 59 ya 264.7 hutoa pia miale 25 yenye kiloelektronivolti 279.5. Ule wa zebaki ni 279.2. Tofauti ya 0.3 ni ndogo kuliko uwezo wa kigunduzi kile, na nadhani ni ndogo kuliko uwezo wa kigunduzi chochote ambacho mwanafunzi atapewa, kwa hiyo viini viwili tofauti kabisa vilikuwa vimesimama mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, nami nilikuwa nimevihesabu kama kimoja. Kwa samaki wa rejea, aliyekuwa na zebaki nyingi, mchango wa seleniamu haukuonekana, na ndiyo maana hesabu yangu ya kulinganisha ilitoka safi na kunipa imani isiyostahili. Kwa dagaa, wenye zebaki kidogo na seleniamu ya kutosha, mambo yalipinduka: nilipotumia kilele cha 265 kukadiria sehemu ya seleniamu na kuiondoa kwenye 279, karibu theluthi mbili ya kile nilichokiita zebaki iliondoka.

Seleniamu si sumu kwa kiasi kile. Ni madini ambayo mwili huyahitaji, na ni mojawapo ya mambo mema yaliyomo ndani ya samaki. Nilikuwa nimekaribia kuandika neema ya dagaa katika safu ya sumu yao.

Msimamizi hakutosheka na hesabu ya kuondoa, nami sikutosheka. Tuliihifadhi mirija mwezi mmoja zaidi na kuihesabu tena kwa muda uleule, kwa sababu nishati inaweza kufanana lakini nusu-maisha haifanani. Ndani ya siku 30 zebaki peke yake ingebakiza asilimia 64 ya mionzi yake, na seleniamu peke yake, yenye nusu-maisha ya takriban siku 120, ingebakiza asilimia 84. Kilele changu kilisimama katikati, karibu zaidi na seleniamu, pale hasa ambapo hesabu ya kwanza ilisema kitasimama. Hapo nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kule kungoja kulikonisaidia dhidi ya sodiamu na fosforasi kulikuwa kukinipunguzia zebaki haraka kuliko seleniamu, na ningengoja miezi mitatu zaidi kwa kudhani subira haizidi, zaidi ya asilimia 80 ya kilele changu ingekuwa ni seleniamu. Muda wa kupima una dirisha lake, nalo hutafutwa kwa hesabu kabla ya sungura kuondoka.

Takwimu yangu ya kosa, nikisema kweli, isingevuka miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kwa samaki wa kawaida. Lakini ingekuwa mara tatu ya ukweli, na ingesomwa kando ya habari za migodi na mtu asiye na namna ya kuihakiki. Baada ya marekebisho, zebaki iliyobaki ilikuwa chini kabisa ya kiwango hicho, ingawa sampuli zilikuwa kavu na kukauka hukuza kila kipimo. Inaeleweka pia kibiolojia: dagaa huishi muda mfupi na hula viumbe vidogo vinavyoelea majini, ilhali zebaki hujilimbikiza kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao kwa miaka mingi, kama sangara. Hivyo matokeo ya dagaa hayamwombei sangara msamaha, na mifuko michache kutoka mwalo mmoja, msimu mmoja, haitoshi kulisemea ziwa zima.

Kuna jambo sikulitafuta na likajitokeza lenyewe. Kwenye 889 na 1,121 palikuwa na vilele viwili vya skandiamu, elementi ambayo imejaa ardhini lakini viumbe hai hawaitumii. Ukiiona ndani ya chakula, umeona udongo. Baadhi ya mifuko yangu ilikuwa nayo nyingi, mingine kidogo sana, na nilipofungua daftari la manunuzi nikakuta mpaka ulivyokaa: nyingi ni ya dagaa walioanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na kidogo ni ya walioanikwa juu ya vichanja vya nyavu. Pamoja na mchanga huo vilipanda pia chuma na vingine vinavyofuatana na udongo. Nyutroni zilikuwa zimesoma namna dagaa walivyoanikwa. Kwa maoni yangu tokeo hili lina faida ya karibu zaidi kwa mlaji kuliko lile la zebaki, kwa sababu kichanja ni miti na wavu, na mtu anaweza kukijenga kesho.

Niliporudi Mwanza nilikwenda Mwaloni kwa mama aliyeniuzia mifuko ile, maana aliniomba nimletee majibu na nilimwahidi. Nilimweleza habari ya zebaki kwanza, taratibu, naye akashukuru. Nilipofika kwenye mchanga akanikatiza.

"Mchanga tunaujua kwa meno, mwanangu. Hiyo mashine yenu inaweza kusema ni kiasi gani? Maana wanunuzi wanatulipa bei moja, wa kichanja na wa chini."

Nilimjibu kwamba inaweza. Mifuko kumi na miwili iko mezani kwangu sasa, sita ya kichanja na sita ya mchangani, yote ya wiki moja na ya boti zilezile, imeandikwa tarehe na jina la mwalo, na ombi la nafasi ya kinu limekwisha kutumwa Accra. Safari hii orodha yangu ya viini ina majina mawili mbele ya 279.